Kufuli kwenye Choo cha Special

Uji ulipofika darasani, Chepkurui aliziba mdomo kwa kiganja akageuza uso ukutani.

"Kidogo tu, mama," Mwalimu Jelagat alimbembeleza. "Onja."

Kichwa kikatikiswa. Msichana wa miaka kumi na mmoja, miguu imekakamaa, ulimi mzito, tangu alfajiri hajatia kitu tumboni, na uji wa wimbi unamnukia puani. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi ikapasuka. Tabby, msaidizi wa darasa, aliweka kikombe chini akafyonya.

"Huyu hanywi, Teacher. Ameshajifunza."

Na kweli alikuwa amejifunza. Hilo ndilo lililomkata Jelagat maini. Darasa lile kila mtu aliliita special, kuanzia mwalimu mkuu hadi mpishi, na watoto wake walichukua miezi kujifunza kufunga kifungo kimoja cha sweta. Lakini hili Chepkurui alilijua upesi, bila mwalimu: ukinywa utataka choo, na choo kimefungwa kwa kufuli.

Choo chenyewe kilikuwa pale pale nyuma ya darasa. Serikali haikuleta hata msumari. Wazazi wa watoto wa special ndio waliochanga, ndio waliobeba mawe kutoka kwari, na baba wa mtoto mmoja, fundi wa kuchomelea, akatengeneza mlango mpana wa chuma na vyuma vya kushikilia ukutani. Ndani kulikuwa na choo cha kukalia na mfereji mdogo uliotoka kwenye tangi. Watoto wengine wote wa shule walitumia vyoo vya shimo vyenye ngazi mbele na milango myembamba, na kile chuma cha miguu minne ambacho Chepkurui alitembelea hakingepita pale hata ukikisukuma kwa trekta. Shule yenyewe, ya serikali, nje kidogo ya Nakuru ukielekea Njoro, siku hizi, kwa mtaala mpya, inaitwa comprehensive. Kibao cha langoni ndicho kilichobadilishwa. Mengine yote yako vile vile.

Basi muhula huu choo cha walimu kikajaa. Gari la kunyonya halikuitwa, shimo jipya halikuchimbwa. Walimu walitazama huku na huku, wakaona kile cha special kinang'aa, kwa sababu Tabby alikisugua kila asubuhi. Wakaanza kuja mmoja mmoja. "Naomba tu leo, Madam." Halafu asubuhi moja Jelagat akakuta kufuli. Alipouliza akaambiwa watoto wanakichafua. Ati watoto wanakichafua! Choo chao! Ufunguo ukawekwa staffroom kwa Madam Wangare, naibu wa mwalimu mkuu, na ukienda kuuomba, ama yuko darasani, ama ametoka, ama ufunguo umechukuliwa na mwalimu mwingine, ngoja kidogo. Nani asiyejua kwamba mtoto mwenye mishipa ya Chepkurui hawezi kungoja kidogo? Walimu wale wote walikuwa na vyeti ukutani. Walijua.

Ukitaka kumfunza mtoto kama yule kwenda choo, unaanzia mwisho. Mwalimu anamfanyia kila kitu, halafu hatua ya mwisho kabisa, kufunga mfereji baada ya kunawa, anamwachia mtoto aifanye mwenyewe, apigiwe makofi. Akiishika hiyo, unamwachia na ile iliyotangulia, kunawa. Kisha kupandisha nguo. Unarudi nyuma hivyo, hatua kwa hatua, ili kila siku mtoto amalize akiwa ameshinda. Jelagat na Chepkurui walirudi nyuma miaka miwili, kupitia kukaa, kushika chuma cha ukutani, kusukuma mlango, mpaka wakafika kwenye hatua ya kwanza ambayo ni ngumu kuliko zote: kuhisi, na kusema. Siku Chepkurui aliposema "Mwa-li-mu. Choo," mwaka jana mwishoni, Tabby alitoka nje akapiga vigelegele na mama mtu akatupa daipa zilizobaki. Sasa wiki chache za kufuli zilikuwa zimeibomoa miaka miwili.

Asubuhi ile, langoni, mama yake hakuwa na vigelegele. Alikuwa akienda Milimani, ambako alifua nguo za watu, na alisema maneno yake akiwa amesimama mguu mmoja njiani.

"Mwalimu, mimi sikatai shule. Lakini wiki hii amerudi amelowa kila siku. Dispensari wameniambia ni infection ya mkojo. Sasa hata nyumbani ameacha kunywa maji. Nifanye nini? Leo akirudi amelowa, kesho haji. Nitamfungia nyumba, niende kazi."

"Mama Chepkurui, tafadhali, nipe muda."

"Muda gani tena? Pale ninafua kuna vyoo vinne, Mwalimu. Vinne, na watu ni wawili! Na mimi nilibeba mawe na hii mgongo ndio mtoto wangu apate moja. Moja tu!"

Jelagat alijua maana ya kumfungia nyumba. Hivyo ndivyo alivyompata Chepkurui mara ya kwanza alipozunguka mtaani kutafuta watoto waliofichwa: nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje, amekaa kwenye mkeka uliolowa, redio ikimwimbia tangu asubuhi. Hakuwa mama mbaya yule. Alikuwa mama wa kwenda kazini.

Uji ulikuwa bado unapoa Mwalimu Mkuu Njuguna alipoingia. Suti ya kijivu, viatu vinametameta, simu mkononi. Hakuwa mtu wa kuingia darasa la special. Mara ya mwisho alikuja kuchukua viti.

"Madam Jelagat, wageni wako njiani. Watu wa Quality, wakaguzi kutoka ofisi ya elimu. Watoto wako waimbe ile ya karibu wageni, si unajua inapendeza? Wavae sweta safi." Alimtupia jicho mvulana mmoja wa mbele. "Huyu wa udenda akae nyuma."

Kila mgeni aliyefika shule ile aliimbiwa na watoto wa special. Ilikuwa desturi, kama chai na mandazi. Wageni walipenda kulengwalengwa na machozi kidogo kabla ya kula kuku.

"Mwalimu Mkuu, nipe ufunguo wa choo," Jelagat akasema.

"Tutaongea baada ya wageni."

"Sasa. Huyu mtoto hajanywa kitu. Anaogopa kukojoa. Mama yake anamtoa shule kesho, na wewe unataka aimbe?"

Njuguna alitazama saa yake, kisha akatazama nje kama mgeni angechomoza getini. Sauti ikalainika. "Sikiliza, Madam. Hata mimi sitaki aibu. Wangare ameenda soko na ufunguo wake, anatafuta vitu vya jikoni. Akirudi tu, nitaagiza kifunguliwe, kabla wageni hawajakaa. Sawa?"

"Na wageni wakienda?"

"Kitabaki wazi. Nimesema."

"Tabby, umesikia?"

"Nimesikia," Tabby akasema.

"Nimesema," Njuguna akarudia, akatoka.

Jelagat akapiga magoti mbele ya Chepkurui. "Kunywa, mama. Leo choo kiko wazi. Mwalimu Mkuu amesema."

Msichana alimkazia macho muda mrefu. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi kikaisha, akakinyoosha aongezwe. Kile cha pili nacho kikaenda. Uji ulimchuruzika kidevuni na Jelagat akaupangusa akicheka. Ole wake! Miaka kumi na saba katika kazi, na bado alikuwa anaamini mkubwa akisema "nimesema" basi jambo limeshafanyika. Ni ugonjwa wa walimu wa nchi hii.

Mgeni alikuwa mmoja tu, na alifika jua likiwa limeshapanda. Aliitwa Bwana Sitati, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na suruali yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la barabara hadi magotini. Alikuwa amepitia shule mbili tangu asubuhi na kila mahali alipewa chai. Watoto waliimba. Yule wa udenda aliimba kuliko wote, kutoka nyuma alikofichwa, na Sitati akapiga makofi kwa moyo.

"Vizuri sana! Na sasa, Madam, nionyeshe kipindi. Ratiba inasema nini saa hii?"

"Kujitegemea. Kwenda choo," Jelagat akajibu.

Njuguna akacheka haraka. "Madam anamaanisha kunawa mikono. Wataonyesha kunawa mikono."

Lakini kabla hajamaliza, mkono ulikuwa umeinuka. Chepkurui alikuwa ameshika chuma chake, shingo imenyooka, jasho kwenye paji la uso.

"Mwa-li-mu," akasema. "Choo."

Furaha ilimpanda Jelagat kifuani mpaka akasahau aliyekuwa amesimama pale. Mbele ya mgeni! Kwa sauti! Kuna watu wazima wanaoshindwa kumwambia mkubwa wanachotaka.

"Ameomba mwenyewe?" Sitati akashangaa. "Hiyo ndiyo elimu! Twendeni tuone."

Wakaenda, msafara mzima, nyuma ya chuma cha miguu minne kilichopiga sakafu tak, tak, tak. Chepkurui aliharakisha kadiri ya miguu yake. Na walipozunguka kona, kufuli lilikuwa pale pale.

Jelagat alimgeukia Njuguna. Njuguna tayari alikuwa kwenye simu. "Wangare! Ufunguo uko wapi? Choo! Cha special, ndiyo! Kimbia!"

"Kwani huwa kinafungwa?" Sitati akauliza.

"Usalama tu, Afisa. Watu wa nje wanaiba mifereji."

"Mwongo," Tabby akasema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana.

Wakangoja. Chepkurui alikuwa amebana magoti. Jelagat aliweka kiganja mgongoni mwake. "Shikilia, mama. Anakuja. Shikilia." Madam Wangare akatokea upande wa jikoni akikimbia, aproni imefungwa kiunoni, mikono ikinuka kitunguu. Akafungua kufuli, akaliacha likining'inia kwenye komeo, akavuta mlango. Chepkurui akainua chuma kupiga hatua.

Hapo ndipo Njuguna alipomwona Sitati akibadilisha mguu wa kusimamia. Chai ya shule mbili, barabara mbovu. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kukosa kuona haja ya mgeni.

"Afisa, labda na wewe ungependa kujisaidia? Tafadhali. Mgeni kwanza."

"Aa, hapana, huyu mtoto..."

"Hapana, Afisa. Hawa wamezoea kungoja. Ni watoto wavumilivu sana. Karibu, karibu."

"Mwalimu Mkuu!" Jelagat akapaza sauti.

"Madam, mgeni," Njuguna akamwambia akibana meno, mkono wake tayari uko kwenye bega la Sitati.

Na Sitati, mtu mzima, mwenye watoto wake nyumbani, alimtazama msichana, akatazama mlango, akatabasamu kwa haya. "Dakika moja tu, mama," akasema. Akaingia. Komeo la ndani likalia.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji ndiye yule aliyebaki nje. Chepkurui hakuelewa. Alikuwa amefanya kila kitu sawa. Aliweka kiganja mlangoni akasukuma, jinsi alivyofunzwa. Mlango haukufunguka. Mlango ukikataa, unabisha, hilo pia alifunzwa, basi akabisha. Ndani mtu akakohoa. Akabisha tena. Jelagat alianza kupiga mlango kwa ngumi, "Afisa, fungua, mtoto!", na Njuguna akamshika mkono, na walipokuwa wakivutana hivyo, watu wazima wawili wenye vyeti, soksi nyeupe za Chepkurui zikaanza kubadilika rangi.

Maji ya mfereji yalisikika ndani. Sitati akatoka akijipangusa mikono na leso ya mfukoni. Aliona dimbwi, akalivuka.

"Pole," akasema. "Pole sana, mama." Alikuwa ameona aibu, ilionekana. Lakini aibu haikumzuia kumgeukia Njuguna. "Choo ni kizuri, hata hivyo. Shule nyingi hazina. Hongera, Mwalimu Mkuu."

"Tunajaribu, Afisa. Sasa chakula kiko tayari."

Wakaondoka, Madam Wangare mbele akikimbilia sufuria. Kufuli lilibaki likining'inia wazi.

Chepkurui hakulia. Alitazama soksi zake, kisha akamtazama Jelagat, na uso wake ulikuwa wa mtu anayedai haki yake dukani.

"Nilisema," akasema.

"Ulisema, mama."

"Nilisema choo!"

"Ulisema vizuri kabisa. Hukukosea. Sisi ndio tumekosea."

Tabby alimpeleka kumsafisha, akamvisha kaptura ya akiba, akafua tuniki na soksi na kuzianika kwenye ua. Jelagat alibaki amesimama. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alifikiria kwenda ofisini, aingie wakiwa na kuku mdomoni, aseme yote. Lakini alijua wangemfanya nini. Wangenyamaza kwa heshima, wangempa kiti, na akitoka mtu angesema Madam Jelagat amechoka, kazi ya hawa watoto inamaliza mtu. Alishawahi kusema. Amesema kwenye mikutano, amesema kwa maandishi, amesema na kwa Mungu. Hakuna aliyewahi kukosa kujisaidia kwa sababu ya maneno yake.

Akautazama mlango. Milango ya chuma ya aina ile hukaa kwenye pini mbili, na mlango ukiwa wazi kabisa unainuka.

"Tabby, kuja. Shika huku chini."

"Teacher, utafutwa kazi. Mimi hata barua ya kazi sina, nitafukuzwa na mdomo tu."

"Basi wacha, nitainua peke yangu."

Tabby alimtazama, akatema mate, akashika. Waliinua. Mlango ulipiga kelele ya kutu, ukatoka. Waliubeba hadi darasani wakihema, wakaulaza sakafuni, na watoto watatu wakaukalia papo hapo kama mkeka mpya.

Madam Wangare aliporudi kufunga, alisimama na kufuli mkononi, hana pa kulitia.

"Mlango uko wapi?"

"Unakaliwa," Jelagat akajibu.

"Madam, wewe uko sawa kweli? Bila mlango sisi tutaenda wapi?"

"Swali zuri. Chepkurui ameniuliza hilo muhula mzima."

Saa za kwenda nyumbani zilikaribia. Jelagat alimimina maji kwenye kikombe, akaketi mkabala na Chepkurui, akakiweka mezani. Hakuwa na uso wa kumwambia "Mwalimu Mkuu amesema" tena. Msichana alikitazama kikombe. Alitazama kupitia dirisha la nyuma, kule kwenye ukuta wenye tundu pana lisilo na mlango. Akanywa nusu, akapumzika, akamalizia. Na baadaye kidogo mkono ukainuka.

"Mwa-li-mu. Choo."

Safari hii hapakuwa na msafara. Chuma kikapiga tak, tak, kikaingia. Jelagat alitandaza leso yake ya kujifunga kwenye uwazi ule, akashika ncha mbili juu, akaugeuzia mgongo. Mikono ilianza kumuuma mara moja. Nyuma yake alisikia chuma cha ukutani kikishikwa, nguo zikishushwa, kila hatua mahali pake.

Njuguna alikuja moja kwa moja kutoka kumsindikiza mgeni, kijiti cha meno bado kiko mdomoni.

"Madam. Ni kweli ninayosikia? Umeng'oa mali ya shule?"

"Mali ya wazazi. Uliza nani alibeba mawe."

"Nitakuandikia barua ujieleze. Na fundi anakuja Jumatatu, achomelee huo mlango usitoke tena. Umenielewa? Sasa shusha hiyo leso, toka hapo, tuongee ofisini kama watu."

"Siwezi kushusha."

"Madam Jelagat, toka hapo!"

Mama Chepkurui alikuwa amesimama kwenye kona, mfuko mkononi, mikono yake imenywea kwa sabuni ya kutwa. Jelagat hakujua alikuwa amefika lini. Macho ya mama yalipita kwenye ua, kwenye tuniki na soksi zilizoanikwa, yakarudi.

"Amelowa," mama akasema.

"Amelowa," Jelagat akakubali. "Mimi ndiye nilimwambia anywe. Aliomba, Mama Chepkurui. Aliomba vizuri, mbele ya watu. Wakampitisha mgeni."

Njuguna akaona nafasi yake. "Mama, afadhali umekuja. Mwambie mwalimu wako hivi sivyo. Ona, mtoto msichana amekaa choo bila mlango, ni heshima hiyo?"

Mama aliweka mfuko wake chini taratibu. Alisogea, akachukua ncha moja ya leso kutoka mkononi mwa Jelagat, akaivuta mpaka nafasi iliyobaki pembeni ikazibika.

"Na kesho?" Jelagat akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Kesho sijui. Wacha leo amalize."

"Mama, mnasikia nikisema?" Njuguna akapiga hatua mbele. "Toeni huyo mtoto hapo!"

Kutoka ndani, kwa ule ulimi mzito, ikaja sauti ya mtu asiye na haraka.

"Ba-do."

Njuguna akafungua mdomo. Mama Chepkurui hakumgeukia.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "mtoto amesema bado."